Maana ya Neno "Intoxicated"

Katika Kiingereza yako maneno mengi ya kumweleza mtu aliyelewa. Neno la kila siku ni "drunk", nalo limetokana na neno lenye maana ya kunywa. Lakini mtu aingiapo mahakamani au hospitalini mara nyingi hulisikia neno jingine, yaani "intoxicated". Wengi hudhani kwamba ni neno lile lile, ila limetiwa heshima kidogo. Sivyo. Maneno haya mawili hayalingani, na asiyejua tofauti yake aweza kutoa jibu lisilo la kweli pasipo kukusudia.

Asili ya neno hili ni ya ajabu. Wayunani wa kale waliuita upinde "toxon", na sumu iliyopakwa kwenye mishale wakaiita "toxikon". Warumi walilichukua neno hilo likawa na maana ya sumu yo yote, kisha likaingia katika Kiingereza. Hapo kwanza Waingereza walilitumia kwa maana ya kutia sumu. Maana ya kulewesha ilikuja baadaye. Wazee wa Kikamba na wa Kigiriama, ambao mababu zao waliwinda kwa mishale ya sumu, hawatashangaa sana wakiambiwa kwamba ndani ya neno hili umo mshale.

Basi, aliye "drunk" amelewa kwa kunywa pombe. Aliye "intoxicated" amelewa kwa kitu cho chote kilevyacho, kiwe pombe, bangi, au dawa. Tuseme dereva ameulizwa kama alikuwa "intoxicated", naye akajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuonja pombe hata tone. Ikiwa alikuwa amevuta bangi, jibu lake halimwokoi. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 13, yaeleza wazi kwamba ulevi ni pamoja na hali iletwayo na dawa za kulevya. Kifungu hicho chasema pia kwamba ulevi peke yake si udhuru wa kosa, isipokuwa katika mambo machache. Kwa mfano, mtu akileweshwa na mwenzake kwa hila, pasipo ridhaa yake, hata asijue atendalo.

Waganga nao wangali wakiitumia maana ile ya kale. Katika karatasi ya hospitali, "intoxication" huweza kuwa na maana ya kudhuriwa na sumu. Jambo hili si la vitabuni tu. Mwezi wa Novemba 2000, katika jiji la Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli. Mwaka 2014 msiba wa namna hiyo uliwapata tena watu wa sehemu kadhaa za Kenya. Dalili za kwanza za methanoli hufanana na ulevi wa kawaida, kwa hiyo ni rahisi jamaa kumwacha mgonjwa alale, wakidhani kwamba pombe itamtoka. Baada ya saa nyingi macho huingia ukungu, na pumzi huwa za haraka. Mtu wa namna hiyo hakulewa tu. Ametiwa sumu, na yapasa apelekwe hospitali upesi.

Mwisho, neno hili hutumika pia kwa mafumbo. Waingereza husema kwamba mtu ni "intoxicated" kwa furaha au kwa cheo, kama vile Waswahili wasemavyo kwamba fulani amelewa madaraka.

Kwa hiyo mtu akiulizwa kwa neno hili, asifikiri juu ya chupa peke yake. Na akimwona mwenziwe amelewa kwa namna isiyo ya kawaida, aukumbuke ule mshale.