Mwayo wa Mbwa Wangu

Juzi nilirudi kutoka zamu ya usiku, nikaketi kibarazani nikapiga mwayo. Mbwa wangu Simba akanitazama, naye akapiga wake. Mke wangu akacheka: “Mmeambukizana!”

Hakukosea. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo cha Birkbeck, London, walipimia jambo hili mbwa 29. Mtafiti alipopiga mwayo, mbwa 21 waliitikia. Alipofumbua kinywa tu, hakuitikia hata mmoja.

Kwa nini? Mwaka 2013 watafiti wa Tokyo waliona mbwa 25 wakiitikia zaidi mwayo wa mwenyewe kuliko wa mgeni, wakasema ni dalili ya kuhisiana. Lakini mwaka 2020 wengine walijumlisha matokeo ya mbwa 257: kuambukizwa kupo, upendeleo kwa mwenyewe haukuonekana. Ubishi haujaisha.

Jambo moja tulishike. Mbwa hupiga mwayo pia akiwa na wasiwasi. Zamani nilimkaripia Simba, akapiga mwayo. Nikadhani ananidharau, nikamwongeza fimbo. Kumbe alikuwa na hofu. Tangu hapo, kabla ya kumhukumu, najitazama kwanza mimi: nimeshika nini mkononi?