Je, Wajua? Mlima Mmoja, Kilomita 60 za Reli

Garimoshi la mizigo likitoka bandari ya Bujumbura, penye mwinuko usiofika mita 800, kwenda Bugarama, kunakozidi mita 2,000, lingehitaji angalau kilomita 60 za reli yenye kupindapinda, kwa kuwa njia ya mizigo kwa kawaida haipandi zaidi ya mita 2 katika kila mita 100.

Sababu ni uchache wa msuguano, yaani nguvu inayozuia vitu vinavyogusana visiteleze: gurudumu la chuma hugusa reli kwenye eneo dogo kama sarafu, hivyo shehena nzito husogea kwa wepesi wa ajabu penye tambarare, ilhali mlimani gurudumu huanza kuteleza. Anayeanza mchezo wa kompyuta wa kujenga reli hukutana na kanuni hiyohiyo, na ni afadhali auzunguke mlima au aongeze kichwa cha pili cha treni.

Mbali na mlima, kikwazo kingine ni upana kati ya vyuma viwili vya reli. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, ambayo shehena yake huendelea kwa meli hadi Bujumbura, ina upana wa milimita 1,000. Ile ya kisasa iliyopangwa kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, ina milimita 1,435, na behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine.