Matumizi ya Diski Kuu za Vipakatalishi katika Seva ya Mafaili ya Nyumbani

Diski kuu ya inchi 2.5 iliundwa kwa ajili ya kipakatalishi, chombo kinachobebwa, kinachotegemea betri na kuzimwa mara kwa mara. Seva ya mafaili hukaa mahali pamoja, ikiwaka usiku na mchana. Tofauti hiyo ya mazingira ndiyo inayoamua iwapo diski hiyo itafaa.

Mvuto wake unaeleweka. Huhitaji umeme wa volti 5 pekee, na inapozunguka bila kazi hutumia takribani wati 1. Ile ya inchi 3.5 huhitaji pia volti 12 na hutumia wati kadhaa katika hali hiyohiyo. Joto na kelele hupungua vilevile.

Tatizo kubwa limo katika vichwa vya kusomea. Ili kuokoa betri na kujikinga na mitikiso, diski huviondoa juu ya sahani na kuviegesha kila inapokosa kazi kwa muda mfupi. Diski nyingi za aina hii hukadiriwa kuhimili maegesho 600,000, idadi ambayo kwa kipakatalishi ni kubwa mno. Katika seva, hata hivyo, mfumo endeshi huandika kumbukumbu za matukio kila mara na kuviamsha vichwa. Vikiegeshwa mara moja tu kwa dakika, hayo ni maegesho 1,440 kwa siku, na kikomo hufikiwa kwa siku zipatazo 417. Katika Linux, amri ya hdparm yenye chaguo -B na thamani 254 hupunguza tabia hiyo. 255 huizima, pale diski inapokubali. Mpangilio huo mara nyingi hupotea umeme ukikatika, hivyo hauna budi kuwekwa upya kila seva inapowashwa.

Aidha, diski nyingi za karibuni za terabaiti 1 na zaidi hurekodi kwa njia zinazopandana kama vigae vya paa, na kubadilisha njia moja hulazimu kuandika upya zinazoifuata. Kwa picha na filamu, ambazo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, kasoro hiyo haisumbui. Katika safu ya RAID, diski mpya inapojazwa data badala ya iliyokufa, uandishi mfululizo huweza kuizorotesha hadi mfumo uihesabu kuwa mbovu. Kwa nyumba yenye diski mbili, ni heri ya pili ipokee nakala kila usiku kwa rsync. Faili lililofutwa mchana kimakosa hupatikana humo; RAID ingekuwa imelifuta kotekote papo hapo.