Sakafu ya Mbao: Bei ni Halali au Unapigwa?

Mnataka sebule ing'ae bila kukopa na bila kununiana? Kabla hujamkabidhi fundi advansi, pitia hesabu hizi kwanza.

Hakuna kinachobadilisha sura ya nyumba haraka kama sakafu. Unaondoa zulia lililochoka, unatandika mbao, na chumba kilekile kinaonekana kipya. Wageni wanavua viatu mlangoni bila kuambiwa!

Kasheshe inaanza siku ya kuuliza bei. Fundi wa kwanza anataja hela ya kukushtua. Wa pili anataja karibu nusu yake. Wa tatu anacheka, anakwambia, "Usijali dada, tutaelewana tu." Sasa nani mkweli hapo? Kumbe wote wanaweza kuwa wakweli, maana kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Na bei isiyoeleweka haiumizi mfuko peke yake, mpenzi msomaji. Mara nyingi mmoja wenu yupo nyumbani anasimamia kazi, mwingine yuko kazini anatuma hela kwa simu. Leo gundi imeisha. Kesho skatingi haikuhesabiwa. Keshokutwa nauli ya Kirikuu. Siku ya nne yule anayetuma anaanza kujiuliza kimoyomoyo, "Hivi mwenzangu haweki cha juu kweli?" Sakafu haijaisha, na ndani ya nyumba tayari kuna ufa.

Dawa yake ni moja: msikubali bei ya jumla. Bei ya haki ni ile inayoweza kuvunjwa vipande, na kila kipande kikaelezeka kwenu wote wawili.

UNANUNUA MBAO GANI HASA?

Neno "sakafu ya mbao" linabeba vitu vingi, na bei zake ni mbingu na ardhi.

Mbao halisi: Huu ni mti mtupu, juu mpaka chini. Kwetu utasikia mninga, mkongo au mtiki, ule wa mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Ni ghali, lakini ikichakaa unaipiga msasa na vanishi, inarudi kuwa mpya, na unaweza kurudia hivyo mara kadhaa katika maisha yake.

Mbao za tabaka: Juu kuna mti halisi wa milimita chache, chini kuna tabaka za mbao za kawaida zilizogandishwa kwa kupishana. Hazipindi ovyo kama mbao nzima. Uliza tabaka la juu lina unene gani. Likiwa jembamba sana, msasa hauwezekani.

Lamineti: Hapa unachokiona ni picha ya mbao juu ya ubao ulioshindiliwa. Ni nafuu na inafungwa haraka, lakini haipigwi msasa, na maji yakituama kwenye maungio inavimba. Angalia alama kwenye boksi: AC3 inatosha matumizi ya nyumbani, AC4 na AC5 zinahimili vishindo zaidi.

Kwa hiyo mtu akikuuzia lamineti kwa bei ya mninga, hapo umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

VUNJA BEI VIPANDE

Mwambie kila fundi aandike kwenye karatasi mambo haya, kila moja na bei yake:

1. Mbao zenyewe: aina, unene na idadi ya mita za mraba.
2. Vya kutandika chini: nailoni ya kuzuia unyevu, sponji, gundi au misumari.
3. Maandalizi: kutoa sakafu ya zamani na kusawazisha iliyopo.
4. Ufundi: uhesabiwe kwa mita ya mraba, siyo kwa siku. Fundi wa siku hana haraka!
5. Umaliziaji: msasa, vanishi, skatingi na kukata milango isikwaruze.
6. Usafiri na kutoa taka.

Halafu uliza kama VAT imo ndani ya bei hiyo au itakuja baadaye kama mgeni asiyealikwa.

Ufundi nao una madaraja. Lamineti za kubana kwa kuchomeka ni kazi nyepesi, hivyo fundi asikutoze kama anayegongelea mbao halisi, anazipiga msasa na kuzipaka vanishi mkono baada ya mkono kwa siku kadhaa. Ukitaka mtindo wa mifupa ya samaki, lipa zaidi bila kinyongo, maana vipande ni vingi na vinavyotupwa ni vingi. Ngazi huhesabiwa kwa kidato.

TUPIGE HESABU

Chukua sebule ya mita 4 kwa 5. Hiyo ni mita za mraba 20. Mbao hukatwa pembeni, kwa hiyo ongeza asilimia 10, unapata 22. Kwa mifupa ya samaki, asilimia 15. Fundi akikwambia ununue 30 kwa chumba hicho, muulize nyingine nane zinaenda kwa nani.

Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu, siyo bei ya soko. Fundi A anataka shilingi 60,000 kwa mita, kila kitu ndani. Jumla 1,200,000. Fundi B anataka 42,000. Jumla 840,000. Wengi wetu tungemkimbilia B.

Lakini B hakuhesabu mita 2 za ziada (84,000), nailoni na sponji (100,000), skatingi mita 17 kwa 8,000 (136,000) na usafiri (60,000). Jumlisha: 1,220,000. Yule wa bei rahisi amempita mwenzake kwa 20,000, na bado hajasawazisha sakafu!

KINACHOFICHWA CHINI

Fundi anayetaka kushusha bei hupunguza pale usipoona. Sehemu ya kwanza ni unyevu. Sakafu mpya ya zege inahitaji wiki nyingi kukauka. Mjaribu hivi: bandika kipande cha nailoni sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, kiache saa 24. Ukikuta matone chini yake, subiri. Ukitandika mbao juu ya maji, zitatuna.

Pili, ukavu wa mbao zenyewe. Mbao mbichi ni rahisi, ila baada ya miezi zinasinyaa na kuacha nyufa zinazomeza sindano na punje za mchele. Mbao zikishafika, ziache siku mbili tatu ndani ya chumba zizoee hali ya hewa, hasa Dar, Tanga au Mombasa ambako joto na unyevu ni pacha.

Tatu, nafasi ya kupumua. Kati ya mbao na ukuta pawe na kama milimita 10, na skatingi huja kufunika. Bila nafasi hiyo, mbao zikitanuka zinainuka katikati ya sebule kama mgongo wa ngamia.

Na kama ni mbao halisi, ulizia risiti na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu. Bei ya kutupwa mara nyingine ni ya mbao za njia za panya, na zikikamatwa barabarani hela yako imekwenda na maji.

ADVANSI ISIKUTOE MCHEZONI

Nunueni vifaa wenyewe dukani, au mmoja wenu aende na fundi, risiti ibaki nyumbani. Ufundi ulipwe kwa hatua: kidogo akianza, kiasi akifika nusu, na sehemu ibaki mkononi mpaka mtembee juu ya sakafu nzima msikie kama kuna mahali inalia. Fundi mzuri hakasirikii hilo. Anayetaka zote mkononi kabla hajafungua boksi la kwanza, mpeni maji ya kunywa, mmuage.

KABLA YA KULALA, ONGEENI

Kaeni wawili na zile karatasi tatu mezani, simu pembeni. Kubalianeni kikomo, na juu yake wekeni asilimia 10 ya dharura. Kubalianeni pia kwamba fundi akitaka kubadilisha chochote, anaandika, na nyote mnaona kabla hela haijatoka. Hii ni muhimu, maana wapo mafundi wanaompa mama bei hii na baba bei ile.

Hela ikizidi kikomo, punguzeni kazi badala ya kupunguza ubora. Anzeni na chumba cha kulala, sebule isubiri bonasi. Sakafu nzuri ya chumba kimoja ni bora kuliko nyumba nzima iliyotuna.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la shilingi chache, liwe la kwanza kwenye orodha ya vifaa.