«Kila kitu ndani»: mapumziko ya kisiwani na konje yetu sisi



Katika simu za vijana wetu hapa Kolwezi zinapita siku hizi picha za namna moja: bahari ya bluu, kitanda cheupe chini ya mwavuli, meza ndefu ya chakula, na chini yake bei moja tu pamoja na maneno «kila kitu ndani». Wengine wanasema kwa Kifaransa «tout compris». Mara nyingi mahali penyewe ni kisiwa cha bahari ya Mediterania: Mallorca, Krete, Kipro, Malta. Sisi wasomaji wa Biblia tunavijua visiwa hivyo kwa njia nyingine. Barnaba alitoka Kipro, Tito aliachwa Krete, na Paulo alifika Malta akiwa amevunjikiwa chombo.

Vijana wanauliza mambo mawili. Biashara hii inafanya kazi namna gani? Na je, Mkristo anaweza kuitamani? Nianze na la kwanza, kwa sababu mtu asiyejua jambo linavyofanya kazi hawezi kulipima vizuri.

Mgeni analipa mara moja, kabla ya kuondoka kwao. Ndani ya bei hiyo mna ndege, gari la kumtoa uwanjani, chumba, chakula cha asubuhi, mchana na jioni, vinywaji, na michezo ya watoto. Akifika hoteli anafungwa bangili ya plastiki mkononi. Bangili hiyo ndiyo pesa yake: akiionyesha anapewa kula na kunywa, hakuna anayemwomba makuta tena mpaka siku ya kurudi. Bei inakuwa nafuu kwa sababu kampuni inakodi ndege nzima na vyumba mamia kwa mara moja, inanunua chakula kwa wingi, na inajua kwamba mgeni aliyekwisha kulipa chakula hatatoka nje kwenda kula kwa mama wa jirani. Hapo ndipo siri ya faida ilipo. Mgeni anakaa ndani ya ukuta.

Jambo hili lilianzaje? Katika mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa, wafanyakazi wa Ufaransa walipata kwa sheria majuma 2 ya konje yenye malipo, na wale wa Ubelgiji siku 6. Kabla ya hapo mapumziko ya baharini yalikuwa ya matajiri. Mwaka uliofuata, 1937, ndipo Union Minière ilipoanzisha mji wetu wa Kolwezi. Vita vikaja, vikapita. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja wa Antwerp, Gérard Blitz, aliwapeleka wageni wake wa kwanza Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca. Walilala katika mahema yaliyobaki ya jeshi la Marekani, wakala pamoja kwenye meza ndefu. Kampuni aliyoianzisha ni Club Méditerranée. Baadaye wageni wake walilipia vinywaji kwa shanga walizovaa shingoni badala ya noti. Wazee wetu wa huku, ambao zamani walinunua vitu kwa misalaba ya shaba, wasingeshangaa sana.

Mimi sioni ubaya katika mwanzo huo. Watu waliotoka katika vita walihitaji jua, usingizi na sahani iliyojaa. Katika Marko 6 Bwana Yesu mwenyewe aliwaita mitume wake waende kando wapumzike kidogo, kwa kuwa watu walikuwa wengi mno hata hawakupata nafasi ya kula. Ni kweli kwamba umati uliwafuata mpaka huko, na mchungaji yeyote anayesoma hapa anajua hali hiyo. Lakini amri ya kupumzika ilikuwa imetoka kinywani mwa Bwana.

Sasa tuangalie kisichokuwa ndani. Kwa mtu wa Kolwezi cha kwanza ni viza. Mallorca ni ya Hispania, na Hispania iko katika nchi za Schengen. Mkongomani anaomba viza hiyo Kinshasa, na tangu Juni 2024 mtu mzima analipa yuro 90 ambazo hazirudishwi akikataliwa. Hakuna wakala anayeweza kukuuzia viza hiyo kama sehemu ya mapumziko. Ubalozi ndio unaoamua. Ndugu akikuambia kwamba katika bei yake viza pia «iko ndani», shika makuta yako na uondoke. Tena katika visiwa vile, tangu 2016, kuna kodi ya mgeni kwa kila usiku, ambayo mara nyingi inalipwa pale pale hotelini. Na nisikie vibaya nikisikia mtu amekopa kwa Bank Lambert ili apige picha baharini! Riba ya mkopo ule haina konje. Wahubiri wanaowaonyesha waamini picha za hoteli kama uthibitisho wa baraka wanawasukuma watu huko huko, na ninalisema bila kuwataja.

Kisha kuna watu wasiokuwa ndani. Mwaka 2023 visiwa vya Balearic, ambavyo Mallorca ni kimoja chao, vilipokea wageni karibu milioni 18. Lakini nyumba za kupanga zimepanda bei hata mpishi na mhudumu wa hoteli hawapati pa kulala karibu na kazi yao. Katika Ibiza wapo wanaolala ndani ya magari. Mwaka 2024 maelfu ya wenyeji waliandamana barabarani Palma wakidai utalii upunguzwe. Na wale mama wanaosafisha vyumba walijiunga pamoja katika Hispania yote, wakajiita las Kellys, wakaeleza jinsi migongo yao inavyoharibika kwa kuinua magodoro mazito, vyumba vingi kwa siku. Mwaka 2022 serikali ya visiwa ilitoa sheria kwamba hoteli ziweke vitanda vinavyoinuka kwa mtambo, ili mama asiiname tena. Ninakipenda kitanda kile kuliko picha zote za bahari. Mtu aliuliza: huyu anayetandika ili mwingine apumzike, yeye anaumia wapi? Na jibu likaandikwa katika sheria.

Karibu na sisi, mambo ni yale yale. Malori yanayobeba shaba yetu kupitia Kasumbalesa na Tunduma yanafika Dar es Salaam, na kutoka hapo boti inafika Zanzibar kwa saa kama mbili. Pwani ya mashariki ya kisiwa kile, upande wa Kiwengwa, kuna hoteli kubwa za «kila kitu ndani» ambazo Waitaliani wengi wanazijua. Ukuta unasimama, mlinzi anasimama, na nje mchangani wanatembea vijana ambao Wazanzibari wanawaita papasi, wakijaribu kuuza safari ya mtumbwi kwa mgeni ambaye amekwisha kulipia kila kitu huko kwao.

Lakini kwa nini tuende mbali? Watu wa Lualaba wameishi ndani ya «kila kitu ndani» kwa miaka mingi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea watu wa kuja na kurudi, ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Ikatoa nyumba, posho, hospitali, mahali pa kupimia watoto, shule, kiwanja cha mpira. Gécamines ilipochukua mahali pake iliendelea hivyo. Wazee wetu wa Musonoie na kambi nyingine bado wanahesabu kwa vidole: unga, maharagwe, samaki, mafuta. Bangili haikuwepo, lakini namba ya kazi ilikuwepo, na kwa namba hiyo mtoto alitibiwa na kusomeshwa. Bei yake ilikuwa kwamba kampuni iliingia mpaka jikoni kwako, ikajua nani analala katika nyumba yako. Na siku kampuni ilipoanguka, kila kitu kilianguka pamoja nayo. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mishahara ikakaa miezi bila kutoka, na mwaka 2003 operesheni iliyoitwa «départs volontaires», kwa pesa za Benki ya Dunia, iliwaondoa wafanyakazi 10,655. Wengi walikuwa wameishi maisha yote bila kulipa daktari. Watoto wao ndio tunaowaona leo mashimoni.

Waisraeli nao jangwani walikumbuka samaki wa Misri waliokula bure, kama Hesabu 11 inavyosimulia. Nisiwalaumu wazee wetu kwa kukumbuka posho, njaa inakumbuka. Ila «bure» ya Misri ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo ni yule yule ambaye katika Kutoka 5, Musa alipomwomba siku 3 ili watu wakamwabudu Mungu, alijibu kwamba ni wavivu, akaongeza kazi ya matofali na kuwanyima majani. Mimi ninasoma sura ile kama ombi la kwanza la konje katika Biblia. Lilikataliwa.

Ndiyo maana amri ya Sabato katika Kumbukumbu 5 inaorodhesha watu kwa majina ya kazi zao: wewe, mwana wako, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, hata ng'ombe na punda, na mgeni aliye malangoni mwako. Sababu inayotolewa ni kwamba ulikuwa mtumwa Misri. Hapa «kila kitu ndani» inageuka kuwa «kila mtu ndani». Mgeni wa hotelini akipumzika huku msafishaji anavunjika mgongo, amri haijatimia. Na baba wa nyumba ya Kikristo akikaa kitini baada ya ibada huku mama anapika kwa watu 12 toka alfajiri, haijatimia pia. Kwa hiyo nawajibu vijana: kutamani kupumzika baharini hakuna dhambi. Uliza tu nani amebaki nje ya ukuta ili wewe ukae ndani.

Katika makanisa yetu wanaobaki nje ni wengi, na hawako mbali. Wachimbaji wa mashimo hawana konje, hawana hata mtu wa kumwomba. Katika migodi mikubwa, uchunguzi wa shirika la RAID uliotolewa mwaka 2021 juu ya migodi 5 ya shaba na kobalti ya eneo letu ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi waliandikwa na makampuni ya kati, si na mgodi wenyewe. Wataalamu kutoka ng'ambo wanafanya kazi majuma kadhaa kisha wanarudishwa kwao kupumzika. Kijana wetu anayeshika koleo kando yao anaogopa kuomba siku moja ya kumzika mjomba wake.

Lakini sheria ipo, na waamini wengi hawajawahi kuelezwa. Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema kwamba baada ya mwaka 1 wa kazi mtu ana haki ya konje yenye malipo: angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima, yaani 12 kwa mwaka, na mwenye umri chini ya miaka 18 anapata siku 1 na nusu kwa mwezi. Mapumziko ya kila juma kimsingi ni siku ya Mungu. Tena sheria inakataza kununua konje: mkataba wa kukupa makuta badala ya siku zako hauna nguvu, isipokuwa kazi yenyewe imekwisha. Ndugu wanaojivunia kwamba «wameuza konje» miaka mitatu mfululizo wajue hilo.

Kwa anayeitwa «journalier», anayelipwa kwa siku, kuna jambo ambalo ningependa lisomwe mbele ya kanisa. Akikwisha kufanya siku 22 katika muda wa miezi 2, na akaandikwa tena kabla miezi hiyo 2 haijaisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho. Hapo hesabu ya konje inamhusu yeye pia. Makampuni mengine yanamsimamisha mtu siku ya 21 na kumwita tena baadaye, na hiyo peke yake inaonyesha kwamba wanaijua sheria vizuri kuliko sisi.

Kwa hiyo kila mfanyakazi wa siku awe na daftari dogo: tarehe, mahali, jina la kampuni, saa aliyoingia, saa aliyotoka. Asiyejua kuandika aandikiwe na shemasi au na mtoto wake kila jioni. Atunze kadi ya kazi, hata ya zamani, na karatasi yoyote ya malipo. Shida ikitokea, daftari hilo linapelekwa kwa Inspection du Travail, na ni vizuri asiende peke yake. Mzee wa kanisa anaweza kumsindikiza, kama tunavyosindikizana hospitalini.

Mwaka huu, mvua zikiisha, vikundi vya mama vinapanga kwenda kukaa siku moja kando ya ziwa la Nzilo. Tumekubaliana kwamba siku hiyo wanaume ndio watakaopika.