Maua ya Mwambani

Bulabo, kwa Kisukuma, ni maua. Ndilo jina la sherehe ya ngoma ifanyikayo Bujora, karibu na Kisesa, wakati wa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, aghalabu mwezi wa Juni, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kucheza. Huo ni mwanzo wa kiangazi. Nyasi zinakauka, na miamba ya Mwanza, yenye umri upitao miaka milioni elfu mbili, huunguza nyayo.

Juu ya miamba ya namna hii udongo ni haba mno, nao maji ya mvua huupitia tu yakaenda zake. Hata hivyo maua humea. Mshubiri huishi kwa kuweka akiba: hujaza maji katika majani yake manene, kisha huyatumia kwa kubana.

Upo mmea mwingine ulio wa ajabu zaidi. Ni mdogo, una maua ya rangi ya zambarau, na huota katika udongo mwembamba wa miambani Afrika Mashariki. Wataalamu huuita Craterostigma plantagineum. Huo hauna ghala la maji. Kiangazi kikija hujikunja, ukapoteza zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za maji yake, ukawa mkavu kama tumbaku. Kumbe haukufa. Sukari iliyomo majanini hulinda chembe zake zisiharibike. Mvua ikinyesha, haipiti siku nyingi majani hukunjuka yakawa mabichi tena. Wanasayansi huuchunguza ili wajue namna ya kuyasaidia mazao kustahimili ukame, jambo linalomhusu kila mkulima wa mahindi na pamba kandokando ya Ziwa.

Lakini ua liwezalo kuingoja mvua kwa miezi haliwezi kustahimili nyundo. Mji wa Mwanza unapanuka, nyumba zinapanda vilimani, na mawe hupasuliwa kuwa kokoto. Kazi hiyo ni halali, nayo hulisha familia. Ila mwamba ukishapasuliwa haurudi, na udongo wake huchukuliwa na mvua.

Basi wazazi, mvua za vuli zikianza, wapelekeni watoto vilimani wakatazame bila kung'oa. Nazo serikali za vijiji na mitaa zitenge japo vilima vichache visiguswe. Makumbusho ya Bujora yalizikusanya ngoma na vyombo vya Wasukuma kabla havijapotea. Maua nayo yanastahili kutunzwa mapema vivyo hivyo.