Mikono Inajua, Kinywa Kimenyamaza

Leo tungependa kuzungumza juu ya jambo linalowapata watu wengi wa makamo, nalo ni kushindwa katika mahojiano ya kazi ile ile uliyoifanya maisha yako yote.

Mama mmoja wa ushirika wetu ni muuguzi. Amewazalisha akina mama kwa miaka 22 katika hospitali ya misheni. Majuzi aliitwa na bodi ya kaunti moja, kwa maana tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zinazoajiri wauguzi wengi wa serikali. Aliketi mbele ya watu watano, mmoja wao kijana wa rika la kifungua mimba wake. Kijana akamwuliza: Mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua, utafanya nini? Muuguzi wetu nusura acheke. Akajibu kwa kifupi kwamba angemhudumia kama ilivyo kawaida. Wakaandika, wakamshukuru, akatoka. Alipofika nyumbani alisema, "Mimi sasa nimezeeka, basi." Jumapili mbili hakuonekana kwaya.

Tulimtembelea. Hatukumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu maneno hayo ni mepesi kinywani mwa asiyeumia. Tulimwomba tu atueleze angefanya nini hasa. Lo! Alieleza mpaka chai ikapoa: kuita wenzake, kusugua tumbo la uzazi, kutoa dawa ya oksitosini, kuhakikisha kibofu hakina mkojo, kutazama kama kondo la nyuma limetoka zima. Hayo yote bodi haikuyasikia, na bodi haiwezi kutia alama kwa neno lisilosemwa. Mkongwe hudhani kila mtu anajua anachokijua yeye.

Lakini tuseme kweli, kulikuwa na kasoro nyingine. Yeye amezoea kufanya jambo moja, kungoja, kisha kufanya la pili. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Huko damu ilipimwa kwa mfuko wenye alama uliowekwa chini ya mama, na ilipozidi, matibabu yote yalitolewa kwa pamoja bila kungojana. Hatari ya kuvuja damu kupita kiasi na madhara yake makubwa ilipungua kwa asilimia 60. Huenda kijana yule alikuwa akingoja kusikia hayo. Muuguzi wetu alipoyasoma alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu.

Tulimkumbuka Yohana Marko. Paulo alikataa katakata kwenda naye safarini, kwa kuwa aliwahi kuwaacha njiani kule Pamfilia. Hata hivyo, baada ya miaka, Paulo huyo huyo aliagiza aletewe Marko, maana alimwona wa kumfaa. Sisi humsifu Marko, lakini tunamsahau Barnaba, aliyemchukua siku ile alipokataliwa, wakapanda merikebu pamoja kwenda Kipro.

Kaunti nyingine imemwita muuguzi wetu Alhamisi. Jumatano jioni tutakutana kwake. Mzee wa kanisa ataketi mezani kama mwenyekiti wa bodi, naye ameonywa asicheke. Leseni yake ya Baraza la Wauguzi imekwisha kuwekwa ndani ya bahasha, na viatu vimepigwa rangi.